Skatingi za nyumba yetu Rau: shajara ya kazi, Julai 2024 hadi Mei 2025

13 Julai 2024: Kupima

Nyumba iko Rau, nje kidogo ya katikati ya mji wa Moshi. Taili za sakafu zilimalizika Juni na kuta zimeshapigwa skimu, ila pale ukuta unapokutana na sakafu kumebaki ufa wa upana wa kidole kuzunguka kila chumba. Skatingi, yaani ukanda wa ubao au taili unaozunguka chini ya ukuta, ndiyo inayofunika ufa huo na kuukinga ukuta na maji ya deki, fagio na miguu ya viti. Naandika kila hatua na bei yake kwa sababu nilitafuta mtu wa huku aliyeieleza kazi hii mwanzo hadi mwisho nikamkosa. Atakayefuata apate pa kuanzia.

Sebule ni mita 7.2 kwa 4.8, mzunguko wake 24. Nikitoa mlango wa mbele, wa jikoni na upenyo wa korido zinabaki 20.9. Vyumba vitatu vya kulala, milango ikishatolewa, ni 13.9, 12.9 na 11.7. Jumla mita 59.4. Nikaongeza asilimia 10 ya mabaki, ikaja 65.3. Ubao wa futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo nikaandika mbao 18 na kufunga daftari.

Usiku nikalifungua tena. Mbao hukatwa ukuta kwa ukuta, hazikatwi kwa jumla ya mita. Ukuta wa 3.6 unakula ubao mzima vizuri, lakini wa 3.3 unabakiza sentimita 36 zisizofika popote, na wa 4.2 unadai ubao mmoja na kipande. Nilipochora kila ukuta na kupanga vipande, mbao zikawa 21: nane za sebule, 13 za vyumba. Kama ningeagiza 18 ningerudi dukani katikati ya kazi, na mbao za safari ya pili mara nyingi hazifanani na za kwanza.

Kimo nimekichagua kwa maboksi. Nilikata vipande vya kadibodi vya sentimita 8, 10, 12 na 15, nikavibandika ukutani sebuleni na kuviacha wiki nzima. Ile ya 8 ilipotea chini ya ukuta wa karibu mita 3, ya 15 ikaufanya ukuta uonekane mfupi. Tumekubaliana 12.

Korido na jiko vitapata skatingi ya taili bila mjadala. Huko tunadeki kwa maji ya ndoo kila siku.

27 Julai: Bei

Nimezunguka Majengo, Pasua hadi Kiboriloni. Mninga wa inchi 1 kwa 6, futi 12, Sh 58,000 ubao mmoja. Zidisha kwa 21 uone mwenyewe. Saipresi ya kipimo hichohicho 17,000, paini 14,000. Skatingi za plastiki za mita 2.4 ni 14,000 kila moja. Plastiki haili maji wala mchwa, na kama ningekuwa na haraka ya kuhamia ningeichukua.

MDF nyeupe, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ilinivutia sana dukani, imenyooka na haina fundo hata moja. Nikaomba kipande cha mabaki, nikakisimamisha kwenye bakuli lenye maji ya kina cha kidole usiku mmoja. Kilikuwa na unene wa milimita 15. Asubuhi sehemu ya chini ilikuwa 18 na imefumuka kama mkate. Kilipokauka hakikurudi. Chumba kisichoguswa na maji kinaweza kuishi nayo. Kwangu, ambako tambara la deki linapita kila asubuhi, hapana.

Baba mkwe wa Uru amesikia habari za bei akasema tusinunue mbao za vyumbani. Kihambani, shamba lake la nyumbani, kuna mgrevilea mkubwa uliokuwa ukifunika kahawa, na kibali cha kuukata anacho tayari. Tumefurahi sana.

24 Agosti: Chumba kidogo kimefungwa skatingi

Mti ulikatwa na kupasuliwa tarehe 3. Kupasua, kuranda na kusafirisha hadi Rau vimekula 60,000. Mbao zina mawimbi mazuri, yale ya mgrevilea yanayong'aa ukizigeuza kwenye mwanga. Seremala alipoishika ya kwanza aliipima mkononi, akaigonga kwa kidole cha kati akasikiliza.

"Mama, hii bado ina maji."

Nikamwambia imekatwa wiki tatu zilizopita na jua la Agosti lipo.

"Jua linakausha ngozi tu. Ndani bado."

Nilimsikia, lakini wageni wa sherehe ya kipaimara walikuwa wanakuja Septemba, nikamwomba aendelee na chumba kidogo. Amepiga misumari ya zege, miwili miwili, mmoja juu na mmoja chini. Kutwa nzima 30,000, misumari 6,000, rangi 18,000. Jioni chumba kilipendeza.

28 Septemba: Kimeharibika

Wiki tano. Mbao zilizokuwa na kimo cha milimita 120 leo zina 115 na 116. Chini kumefunguka nafasi inayopitisha sarafu, na kila deki maji yanaingia humo. Mbao tatu zimepasuka katikati kwa urefu, mpasuko wa moja unafika mita nzima. Kona mbili zimeachana. Nyuma ya mlango ubao umejikunja hadi ukang'oa msumari pamoja na plasta ya upana wa kiganja.

Nimekaa na seremala sakafuni tukaangalia kila kasoro, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Ubao mbichi ukikauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana, ndiyo maana kona zenyewe zimeachana kidogo kuliko huku chini. Sasa ukiushika kwa msumari wa juu na wa chini, unataka kusinyaa na hauachiwi, kwa hiyo unachanika katikati. Mipasuko yetu yote mitatu iko kati ya misumari ya juu na ya chini.

Nilitaka pia kujua ulikuwa na maji kiasi gani. Nimekata kipande kutoka kwenye mbao zilizobaki, zilizokuwa zimelala nje chini ya turubai. Kwenye mzani wa jikoni kilikuwa gramu 212. Nikakiweka kwenye oveni moto mdogo, nikawa nakipima kila saa hadi uzito ukaacha kushuka: gramu 163. Zimetoka 49. Zigawanye kwa 163, ni asilimia 30. Kwa miti mingi ubao huanza kusinyaa unaposhuka chini ya hapo, na kwa matumizi ya ndani mafundi wanataka usizidi 15. Kwa maneno mengine mbao zetu, baada ya wiki nane, zilikuwa ndiyo kwanza zinataka kuanza safari. Turubai lilizizuia kupumua.

Nimeng'oa zote. Hasara ya chumba hiki ni 54,000, ukiacha plasta. Wageni wa kipaimara walilala kwenye chumba chenye mapengo na hakuna aliyelalamika, lakini mimi niliyaona kila nilipopita.

12 Oktoba: Kukausha kwa utaratibu

Baba mkwe anasema zamani mbao za nyumba ziliwekwa darini juu ya jiko la kuni, zikakaa huko mwaka. Jiko la kuni hatuna. Tumezipanga kwenye kibaraza cha mashariki, chini ya bati, mahali upepo unapita:

matofali chini ili zisiguse sakafu. Kati ya kila tabaka fito za inchi moja, kila sentimita 60, na fito zote zimesimama juu ya nyingine kwa mstari mmoja (zikipishana, ubao unalala kwa mawimbi na kukaukia hivyohivyo). Ncha za kila ubao zimepakwa rangi kuukuu, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati na kuanza kupasuka. Juu kabisa tofali nzito nane.

Kipande cha sentimita 45 nimekiacha kiwe shahidi. Leo kina gramu 1,172. Nitakipima kila Jumamosi.

2 Novemba: Taili za korido na jiko

Wakati mbao zinakauka tumefanya upande wa maji. Ninahitaji mita 15.9. Taili ni 40 kwa 40, boksi la taili 12 kwa 31,000. Taili moja ikikatwa vipande vinne inatoa mita 1.6, boksi zima mita 19.2. Msumeno unakula milimita 2 kila unapopita, kwa hiyo kila kipande kinakuwa na kimo cha sentimita 9.8 hivi. Boksi moja lingetosha na kubaki.

Fundi amekata taili zote 12 asubuhi moja, akaanza kubandika korido. Mita ya pili nikamsimamisha. Vipande viwili vilikuwa na ukingo wa juu laini, mviringo kidogo, unang'aa. Viwili vilivyofuata vilikuwa na ukingo mkali, mweupe, wenye vijino, na ukipitisha kidole unakwaruzwa. Ukiitazama taili moja unaona sababu: vipande vya pembeni viwili vina ukingo wa kiwandani, vile viwili vya katikati vimekatwa juu na chini. Ukingo uliokatwa unaweza kuuficha chini, kwenye grauti (saruji ya kujaza maungio ya taili), lakini kipande cha katikati hakina ukingo wa kuweka juu.

Kwa hiyo kwa sehemu inayoonekana boksi lile linatoa mita 9.6 tu. Nimenunua la pili. Vipande vya katikati vimekwenda nyuma ya friji na kwenye stoo, na vichache fundi amevisaga kwa jiwe la grainda hadi vikawa laini. Vinakubalika, ila rangi ya juu ya taili haipo kwenye ukingo, unaona udongo wake. Anayetaka kufanya hivi ahesabu vipande viwili kwa taili, mita 0.8, na vya katikati avichukulie kama nyongeza.

Maboksi mawili 62,000, gundi 16,000, grauti 4,000, fundi 40,000.

7 Desemba: Kuta

Mvua za vuli zinaendelea. Nimetumia siku mbili kupima kuta kwa ubao wa mita 2 ulionyooka na pimamaji. Ukuta mrefu wa sebule una tumbo la milimita 12 karibu na dirisha. Vyumbani shida iko chini kabisa: aliyepiga plasta hakuifikisha sakafuni vizuri, kwa hiyo sentimita 5 za mwisho zina mabonge. Skatingi ikiegemezwa hapo inakaa imeinama, juu inaacha nafasi.

Mabonge tumeyaondoa kwa patasi na nyundo. Tumbo la sebule fundi amelifuta kwa kujaza plasta nyembamba kushoto na kulia kwake, mita moja na nusu kila upande. 35,000. Najua watu wanaoziba nafasi ya juu kwa silikoni ya kidole kizima, lakini baada ya mwaka ile silikoni inashika vumbi na mstari mchafu unauzunguka ukuta wote.

Saipresi ya sebule nimeinunua leo. Mfanyabiashara wa kwanza alikuwa na mbao nzuri za njano, ila zilikuwa baridi ukiziweka shavuni na harufu yake kali bado. Wa pili alikuwa na zilizokaa kwenye ghala lake tangu mwaka jana, za kijivu kwa vumbi. Nikaomba akate kipande cha mwisho, nikakipeleka kwenye oveni yangu: asilimia 14. Nimerudi kuchukua nane. 136,000, na 12,000 ya kuranda na kuviringisha ukingo wa juu. Tumezipasua kwa upana zibaki na kimo cha 12. Vijiti vilivyotoka vimebana wavu wa mbu madirishani.

18 Januari 2025: Shahidi amesimama

Gramu 1,172 Oktoba. Mwisho wa Novemba 1,081, na mvua ilimfanya apande kidogo wiki mbili za Desemba. Januari 4: 1,012. Januari 11: 1,009. Leo: 1,010. Hapungui tena. Kipande kipya kwenye oveni kimetoa asilimia 12.

Mbao mbili kati ya 15 zimejipinda, nimeziweka kando. Zilizobaki zimenyooka.

Seremala alileta wazo la kupaka oili chafu mgongoni kuzuia mchwa. Kwenye mbao za paa watu wengi wanafanya hivyo. Ndani ya chumba cha watoto sitaki harufu ile, na oili ikipenya hadi mbele vanishi haishiki. Nimenunua dawa ya mbao ya dukani, 22,000, tumepaka mgongo, ncha na ukingo wa chini mara mbili. Chumba cha nyuma, kinachopakana na migomba, kilikuwa na njia mbili za udongo za mchwa ukutani. Tumezikwangua na kunyunyizia dawa kwenye ufa wa sakafu kabla ya chochote.

8 Februari: Kufunga

Siku tatu, 35,000 kwa siku. Mambo yaliyobadilika ukilinganisha na Agosti:

Misumari ya zege haipo. Tunatoboa kwa drili, tunaingiza plagi za plastiki za kushikia skrubu, kisha skrubu za inchi 2 na nusu: ubao milimita 18, plasta kama 15, na zinazobaki zinashika tofali lenyewe. Skrubu ziko kwenye mstari mmoja tu, kati ya ubao, kila sentimita 60. Juu na chini ubao uko huru kupanuka na kusinyaa. Skrubu na plagi 26,000, ncha za drili 7,000.

Kabla ya kufunga tunaangalia ncha ya ubao. Miduara ya mti inaonekana pale kama upinde. Ubao ukijikunja, kingo zake huelekea upande uliokuwa wa gome. Upande huo tunaulaza ukutani, kwa hiyo hata ukitaka kujikunja kingo zinabana ukuta na skrubu ya kati inalizuia tumbo. Mgongoni tumechimba mifereji miwili myembamba ili kulegeza nguvu hiyo.

Chini tumeinua ubao kwa unene wa kadi tatu za benki zilizopangana, milimita 2 na kidogo, kisha tukaziba kwa silikoni nyembamba. Ukingo wa chini umepakwa vanishi kabla ya kufungwa. Ukishafungwa huufikii tena.

Kona za ndani ndizo zilizochukua muda. Agosti zilikatwa nyuzi 45 kila upande, na ubao ulipotikisika kidogo tu pengo likaonekana. Sasa ubao wa kwanza unakwenda moja kwa moja hadi ukutani. Wa pili unakatwa nyuzi 45 kwanza, halafu unafuata ule mstari uliojitokeza mbele kwa msumeno mwembamba, ukiinamisha msumeno kidogo kuelekea nyuma. Unapata ncha iliyochongwa kwa umbo la ubao mwenzake, inaukumbatia. Ya kwanza seremala alirudia mara tatu. Ya nne alinipa mimi msumeno.

Kosa jipya moja. Mbao za kuzunguka fremu za milango zina unene wa milimita 15, skatingi 18. Kila ilipokutana na mlango ilitokeza mbele kwa milimita 3, ukingo mkali unaokwaruza miguu. Hili nilipaswa kulipima Julai pamoja na urefu. Seremala amechonga vitako vya milimita 22 kutoka kwenye zile mbao mbili zilizojipinda, akakata chini ya mbao za mlango na kuvisimamisha hapo. Skatingi inaishia kwenye kitako, na milango imependeza kuliko mwanzo.

Matundu ya skrubu tumeyaziba kwa unga wa randa ya ubao huohuo uliochanganywa na gundi nyeupe. Vanishi, praima na msasa 54,000.

17 Mei: Baada ya masika

Nimepita kila chumba na tochi. Mgrevilea umevimba kidogo kwa mvua, mstari wa silikoni umebanwa lakini haujachanika. Hakuna mpasuko. Kona moja ya sebule ina ufa wa unywele.

Korido ndiyo imenisumbua: vipande viwili vya taili vimeanguka. Nyuma yake gundi yote imetoka na ngozi ya rangi ya ukuta. Fundi alibandika juu ya rangi bila kuichubua. Nimegonga vyote kwa mpini wa bisibisi, vinne zaidi vinasikika vitupu. Tumevitoa, tukapiga ukuta kwa nyundo yenye ncha hadi plasta ikatokea, tukabandika kwa gundi iliyobaki.

Jumla ya yote, pamoja na hasara ya Agosti, ni Sh 633,000.

Baba mkwe amekuja leo kutoka Uru. Amevua kofia, akapiga goti chumba cha watoto na kupitisha kiganja juu ya ubao kutoka mlangoni hadi dirishani, polepole. "Huu ndio ule wa karibu na mfereji," akasema. Akauliza kama kuna kipande kilichobaki. Nimempa kile cha sentimita 45, shahidi, ataweka redio yake juu yake.